Watoto 62 wa awali wanajibu kwa kuimba tu. Shughuli zipi za maarifa ya jamii zitawafanya watoe sababu?

mkekani
Habari za kazi, walimu. Nina darasa la awali, watoto 62 wa miaka 5 na 6. Nikifundisha familia, shule na mazingira yetu, mambo huishia hapa: "Nyumbani tunaishi na naniii?" "Baba na mamaaa!" Wanakumbuka vizuri, ila ukimuuliza mmoja "kwa nini?", anakaa kimya au anarudia maneno ya jirani yake. Bajeti ya vifaa hakuna. Nianzie wapi?

chaki_nyeupe
Pole na kazi, mwalimu. Anzia kwenye swali lenyewe, maana swali lenye jibu moja litaimbwa tu. Uliza: "Maji yakikatika leo hapa shuleni, kazi ya nani itakwama kwanza?" Mmoja atamtaja mpishi wa uji, mwingine anayesafisha vyoo, na wote wawili wana hoja. Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na sababu zikaongezeka. Hesabu kimoyomoyo hadi 5, kisha taja jina la mtoto. Ukitaja jina kabla ya swali, wale 61 wanapumzika.

Shughuli ya kwanza iwe ya kitu cha zamani. Azima pasi ya mkaa, ifunike kwa kanga, ukae na watoto 12 hadi 15 mkekani huku wengine wakiumba herufi kwa udongo. Funua, kisha uliza kwa mpangilio huu: Unaona nini? Unadhani ni ya kazi gani? Ni kitu gani hapo kinachokufanya useme hivyo? Hilo la tatu ndilo somo lenyewe. Mtoto ataonyesha matundu ya ubavuni, masizi ndani, mpini wa mti juu ya chuma. "Mbona mpini si wa chuma?" Wape nafasi wabishane. Akisema ni sanduku la hela, usimwambie amekosea; muulize, "Na haya masizi yameingiaje humo?" Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe, na hapo ndipo unapoona mtoto anafikiri.

Shughuli hii huharibika kwa njia moja kubwa: anayeijua anapiga kelele "Pasi!" na mazungumzo yanakufa. Kubalianeni mapema kwamba anayejua anakuja kukunong'oneza, kisha anakuwa mtunza siri na kazi yake ni kukizungusha kifaa. Dakika 20 zinatosha kwa kundi. Kesho kundi jingine, siku 5 darasa zima limepita.

kokoto_saba
Naongeza ramani, kwa sababu inajipima yenyewe bila mwalimu kusema "sawa" au "si sawa".

Siku ya kwanza weka sufuria chini, watoto wasimame kando yake waitazame kutoka juu na kuchora wanachokiona. Wengi watachora mpini na ubavu kama kwenye picha za vitabuni. Warudishe waangalie tena. Bila hatua hii ramani haieleweki. Siku ya pili sawazisha mchanga uwanjani, kama mita 2 kwa 2, kila kundi la watoto 6 liweke alama 4 tu: lango, darasa, mwembe, choo. Vizibo vya soda na vijiti vinatosha. Zikizidi 4 wanachanganyikiwa. Lango la kwenye mchanga lielekee lango lenyewe, la sivyo kushoto kunageuka kulia nao wanadhani wameshindwa.

Kisha mtoto wa kundi jingine aifuate ramani hiyo hadi chooni. Akipotea, kundi linajadili kilichokosekana na kurekebisha. Mtoto akiweka choo kikubwa kuliko darasa, usikipunguze, muulize sababu.

sauti_ya_darasa
Nakubaliana na yote, ila kuhusu ile kazi maarufu ya kupanga picha za mahitaji na matakwa, naiona inaua fikra ikifanywa kwa majibu ya kukariri. Simu ni matakwa? Kwa mama anayelipwa kwa simu ni hitaji. Mwache mtoto aseme ni ya nani na ya kazi gani.

Kura nayo ni nzuri (mchezo wa mapumziko, jina la bustani) lakini isiwe ya kunyoosha mikono, watamfuata rafiki. Weka makopo mawili nyuma ya pazia, kila mtoto kokoto moja. Kabla ya kupiga, kila upande utoe sababu moja. Na usipigie kura jambo la kweli au uongo, kama mvua ilinyesha jana au la. Hilo twende tukaangalie udongo.

Jambo jingine: watoto wetu wamelelewa wasimpinge mkubwa, na heshima hiyo tusiibomoe. Wafundishe kauli: "Samahani mwalimu, mimi naona tofauti, kwa sababu..." Anayejieleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani aseme kwa lugha hiyo, mwenzake atafsiri.

mkekani
Asanteni sana. Kumbukumbu ya maendeleo naiwekaje kwa watoto 62? Na pasi ya chuma mikononi mwao ni salama?

chaki_nyeupe
Chagua watoto 5 kwa siku, andika sentensi moja ya kila mtoto kama alivyoisema, na alama ya vema kama alitaja alichokiona. Kwa wiki ni 25, darasa zima unalimaliza katikati ya wiki ya tatu. Pasi toa majivu, sugua kutu, funga kifuniko kwa kamba kisiwabane vidole, na ikae mkekani muda wote. Izungushwe kwa kusukumwa, isiinuliwe. Ukileta koroboi, imwage mafuta na uioshe kwa sabuni siku moja kabla, harufu ya mafuta ya taa iishe.