Hizi "saa 11" za Entebbe–Guangzhou mnazitoa wapi??

Jamani hivi watu wa tiketi hapa Kampala nani aliwaambia sisi tunasafiri kwa rula? Nimeingia ofisini kwa mmoja juzi, namuuliza Guangzhou ni masaa mangapi, anagugo mbele yangu hivi hivi, anasema bosi ni saa 11 tu, utalala utaamka uko China. Nikalipa. Usiku tiketi inaingia WhatsApp, naisoma, naona nashuka njiani mara mbili na hapo pa pili nimeachwa kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Nampigia, eti "lakini mzee, hewani si saa nyingi". Hewani! Kwani muda wa kulala kwenye kiti cha chuma begi liko chini ya kichwa unahesabiwa na nani? Nikamwambia basi nipe hiyo inayoenda moja kwa moja, akacheka. Banange.

Hiyo saa 11 ni hesabu ya shule ya msingi tu. Mstari ulionyooka Entebbe mpaka Guangzhou ni kama kilomita 9,070, mtandao unagawanya kwa mwendo wa ndege, unaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi, haujali kama kuna ndege inayopita huo mstari au haipo.

Na msiniambie China ni mbali. Kupitia Addis Ababa ni kama 1,220 halafu 8,040, jumla 9,260, yaani umezidisha kilomita 190 tu. Kupitia Dubai ni kama 9,560. Kilomita sio shida kabisa, kinachotuua ni kungoja! Ukipata ndege mbili zinazopokezana vizuri pale Addis unafika kwa masaa 15, 16 hivi, mwenzako kwa umbali karibu ule ule anamaliza siku na nusu, na wote mliambiwa saa 11.

Kurudi ndio wanakumaliza kabisa, maana tiketi inaandika saa ya kila mji na Guangzhou iko mbele yetu saa 5. Unaona umetoka kule saa sita usiku umefika Entebbe saa sita mchana, unamwambia mke ni masaa 12, kumbe ni 17. Tena miezi ya Desemba na Januari upepo wa juu kule unavuma kwenda mashariki, kwa hiyo kurudi huku ndege inapambana nao.

Sijagusa jam ya magari pale Kibuye, njia ya kwenda Entebbe, bado, na kule Entebbe wanataka uwe umefika masaa 3 kabla. Anayetoka Arua amepanda basi tangu jana yake.

Kwa mtalii labda sio neno. Sisi wafanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla hapa Kampala, tunaenda Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya bidhaa kule Guangzhou, awamu moja ni siku 5 tu, ukifika umechelewa siku moja na macho mekundu wenzako wameshachagua bidhaa, wewe unazunguka na kikokotoo unasinzia mbele ya Mchina.

Wenye kuuza tiketi humu, andikeni kitu kimoja tu: kutoka mlango wa Entebbe mpaka mlango wa kutokea kule, masaa mangapi, nangojea wapi, nangojea kwa muda gani. Nataka ya Oktoba. Atakayenitumia kilomita namblock.