Saint Lucia wilaya zinachapana kila mwaka, sisi Temeke na Kinondoni imekuwaje?

Mtoto_wa_Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Kuna kisiwa Karibiani kinaitwa Saint Lucia, nakifatilia tangu yule dada Julien Alfred abebe dhahabu ya mita 100 Paris 2024, sasa katika kuperuzi nikakuta wana mashindano ya mpira ya kila mwaka, sio klabu, ni wilaya kwa wilaya, Gros Islet, Dennery, Soufrière, Micoud, Vieux Fort. Nchi nzima watu laki na themanini hivi!! Kigamboni peke yake sensa ya 2022 ni laki tatu na ushee. Swali, timu ya wilaya wanaipataje kule, na sisi Dar tunakwama wapi?

BahariaMstaafu:
Baharia wa meli kabisa mimi, sio wa kijiweni. Nimeshuka Castries, mji mkuu wao, mara tatu enzi hizo napika kwenye meli za watalii. Kila wilaya ina ligi yake, klabu za mtaani zinacheza humo, halafu wale wakali wanaokotwa inaundwa kombaini ya wilaya, basi. Ila wilaya za mpira sio zile za serikali, Castries wameikata vipande, kuna Central Castries kuna South Castries, Vieux Fort nayo ina North na South, Mabouya Valley iko upande wa Dennery lakini inaleta timu yake. Kuna dereva teksi alinipeleka Vieux Fort, kama saa moja na nusu ya kona na milima tupu, njia nzima ananisimulia winga mmoja wa kwao, anamjua mpaka bibi yake anauza nini sokoni. Nikafika kichwa kinauma.

Keko_Finest:
Baharia umemaliza hapo kwa bibi. Kwetu nani anamjua bibi wa winga? Hii kitu tulikuwa nayo bana, Taifa Cup, mikoa inacheza na Dar ilikuwa inatoa timu tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kila mtu kivyake. Leo ukianzisha ya wilaya utaletewa mamluki mpaka ukome. Mimi nimecheza ndondo, yale mashindano ya mtaani, msimu mmoja, namba 3, beki wa kushoto, siku ya robo fainali nafika uwanjani na begi langu nakuta jezi yangu ameshavaa jamaa kaja na bodaboda kutoka Bagoti huko, hata jina lake kocha hajui anamwita "wewe mgeni", soksi ananiazima mimi. Tukapigwa 3 na soksi sikurudishiwa

mama_Junior_Tabata:
😂😂 pole kaka yangu na soksi zako

Mzee_wa_Takwimu:
Msiwasifie sana, nao wana yao. Kule kriketi ndo imeshika, Daren Sammy ni wa hukohuko, kachukua kombe la dunia la T20, ile kriketi fupi, mara mbili akiwa kapteni wa West Indies, 2012 na 2016, na uwanja wa Gros Islet una jina lake. Kwenye mpira, 2009 hospitali ya St. Jude kule Vieux Fort iliungua moto, wagonjwa wakahamishiwa uwanja wa George Odlum, ile stediamu ikageuka hospitali kwa miaka mingi. Piga picha wodi ya wazazi iko jukwaani Uhuru pale.

Mtoto_wa_Mbagala:
Dah, asanteni wakuu, hiyo ya stediamu sikuijua. Ila Keko hoja yako ya mamluki inanichanganya, maana mimi nimezaliwa Amana, nimekulia Mbagala, saizi nimepanga Goba na kazini Kigamboni, kila siku pantoni. Wilaya zikianza kuchapana nachezea wapi?

Keko_Finest:
Namba ngapi?

Mtoto_wa_Mbagala:
3

Keko_Finest:
Chezea hukohuko Goba. Na soksi uje na zako.