Lamu hadi Nairobi kwa ndege na mama mzee: tuondoke nyumbani saa ngapi?

BintiLangoni
Assalaam aleikum. Alhamisi hii nampeleka mamangu Nairobi kwa ajili ya jicho la kulia. Ana miaka 74, magoti yamechoka, na hajapanda ndege maishani mwake. Tiketi moja yaonyesha mwendo wa saa moja na dakika kumi, nyingine saa moja na nusu, na safari ni ileile. Kliniki yatutaka saa nane mchana. Nihesabu vipi?

Hindi_Mokowe
Waaleikum salaam. Kutoka Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege, hadi Nairobi angani ni kama kilomita 450. Tofauti ni ndege yenyewe. Ile ya rafadha mbili yakaribia kilomita 500 kwa saa. Kale kadogo ka injini moja hata 350 hakafiki. Angalia pia mtatua Wilson au Jomo Kenyatta, ni viwanja viwili tofauti, na foleni ya kuingia mjini si ya kuchezea.

MwanaWaJeti
Dadangu, hiyo saa ya angani ndiyo nyepesi. Kazi iko majini.

Mwaka jana nilimpeleka baba. Ndege ilikuwa ya adhuhuri, nikasema kuvuka hadi Manda ni dakika kumi, tukatoka nyumbani saa nne unusu. Nilisahau kuwa ni bamvua, siku maji yajaapo na kutoa kupita kawaida. Saa hizo maji yalikuwa yametoa kabisa, mashua iko chini huko, na vile vidato vya mwisho vya jeti, gati la mashua, vimeshika ukoga wa kijani. Baba alikataa kubebwa. Aliketi kwenye kidato, akashuka kimoja kimoja kwa makalio, kanzu yake nyeupe ikaloa hadi kiunoni, watu wanatazama. Hakusema neno mpaka Nairobi. Moyo waniuma mpaka leo, kwa sababu tungevuka saa moja asubuhi, maji yangali juu, angeingia chomboni kwa hatua moja.

Kwa hivyo uliza maji ya Alhamisi kwanza, halafu ndipo upange saa. Muulize nahodha yeyote, atakwambia papo hapo. Chagua ndege ya asubuhi, mkae Manda kivulini mkingoja. Kuchoka kwa kungoja si kitu. Mizigo pia ipime, ndege ndogo za huku mara nyingi ni kilo 15 tu.

BintiLangoni
Allah akulipe kheri. Mama naye hataki kubebwa, namjua. Daktari wa huku asema retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho, imeanza kubanduka, huenda akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Turudi Jumapili kwa ndege?

MwanaWaJeti
Ngoja, usilipie tiketi ya kurudi! Katika upasuaji wa retina mara nyingine hutiwa gesi ndani ya jicho ili kuikandamiza retina mahali pake. Ndege ikipaa, hewa ya ndani hupungua nguvu, ile gesi huvimba, na jicho laweza kuharibika moja kwa moja. Muulize daktari wa Nairobi kabla hamjatoka kwake: ametia gesi? Akisema ndiyo, hakuna ndege mpaka yeye aruhusu. Mtashuka na treni hadi Mombasa, mlale, kisha basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kama kilomita 350, na boti.

BintiLangoni
Sikulijua hilo kabisa. Nimefuta ya kurudi. Nahodha jirani amesema Alhamisi maji yatajaa alfajiri, basi tukishaswali twatoka.

Hindi_Mokowe
Mkirudi kwa barabara niandikie hapa. Niko Mokowe, nitamshika bi mkubwa mkono kwenye gati.