Unga wa mukombero mitaani: uuzwe au upigwe marufuku?

Mwanzisha mada: Mukombero, mzizi wa Mondia whitei kutoka Kakamega, siku hizi Nairobi unauzwa pia kama unga wa kikopo, ukinadiwa kwa nguvu za kiume, kisukari na presha. Maoni yangu: mzizi mzima uendelee, unga usio na lebo uondolewe. Nani anapinga?

Mizizi Gikomba: Mimi. Asiye na meno atafune nini? Osha mzizi, upondeponde kidogo, ganda liachane na mti wa ndani. Dawa ni ganda. Ule mti ni mswaki tu. Anika kivulini, jua kali linaua harufu. Twanga, chekecha, tia kijiko cha chai kwenye kikombe cha uji ukishaepua. Ukichemsha pamoja, ile vanila yote inapanda na mvuke.

Mfamasia: Kutengeneza unajua, boss. Mnunuzi atakagua vipi? Mzizi mzima unajieleza: uvunje unuse, utafune, uchungu kwanza halafu utamu. Unga wa kahawia ni unga wa kahawia. Unga wa "nguvu" umeshakutwa na sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, katika nchi nyingi. Anayemeza dawa za nitrati kwa maumivu ya kifua akiipata hiyo sildenafili bila kujua, presha inaporomoka, anaweza kufa. Na majaribio ya nguvu za kiume yanayotajwa sana ni ya panya, tena madume wa maabara!

Mizizi Gikomba: Hilo ni kosa la anayechanganya, si la mzizi. Watu wameutafuna miaka yote kwa hamu ya kula na gesi tumboni. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asilia.

Mfamasia: Inaitambua, na inataka chombo cha kuisimamia. Ukiandika "inatibu kisukari", peleka kikopo Bodi ya Famasia na Sumu kisajiliwe.

Mkulima Lurambi: Mnabishania kikopo, mzizi unaisha. Huu ni mmea wa kutambaa juu ya miti. Mwenye haraka anang'oa shina zima. Fukua upande mmoja, kata mizizi michache ya pembeni, rudishia udongo. Unga ndio unaoharibu zaidi: mzizi mchanga, mwembamba kama penseli, ambao ukiwa mzima hakuna ambaye angeununua, unasagwa tu.

Mizizi Gikomba: Kwa mizizi michanga, mkulima, sina jibu. Lakini mteja achague mzizi mwenyewe, niumenye na kuutwanga akiona. Hiyo pia marufuku?

Mfamasia: Hiyo sina neno nayo. Ila usimwambie ni ya presha.