Naomba ushauri: msimbo wa hitilafu ya gari P0171 unarudi kila nikiufuta, fundi anataka kubadili sensa ya oksijeni

Wakuu, habari zenu. Taa ya injini inawaka, skana inasoma P0171, yaani benki 1 (upande wa injini wenye silinda namba 1) ina hewa nyingi kuliko petroli inavyotakiwa.

Fundi anasema sensa ya oksijeni imekufa (kwake kila taa ni sensa). Nasita, maana msimbo unataja dalili tu, na sensa huenda inasema kweli.

Kwenye skana, gari likinguruma bila kukanyagwa, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kufidia) yako +19%. Nikipandisha hadi mizunguko 2500 yanashuka hadi +4%. Ingekuwa pampu au filta ya mafuta, ningetarajia yapande. Kwa hiyo nashuku hewa inaingia baada ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini): gasketi ya menifoldi, au mpira wa PCV (bomba linalorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa). Huo mpira kwa chini umelainika, ukiubinya unabonyea hovyo, ila ufa siuoni.

Bila mashine ya moshi, tundu mnalipataje? Kuna wanaopuliza kabureta klina injini ikiwaka. Mimi naogopa moto. Na nikishabadili mpira, marekebisho yatashuka yenyewe au lazima nifute kumbukumbu ya kompyuta?