Naomba ushauri: kujikagua matiti wakati hedhi imekatika, na mama asiyetaka hospitali

Hamjambo dada na mama zangu. Niko Nyalenda, Kisumu.

Muuguzi wa kliniki alituonyesha namna ya kujikagua. Unasimama mbele ya kioo, mikono kiunoni kisha juu, ukitazama kama umbo limebadilika, ngozi imebonyea au chuchu imeingia ndani. Halafu unalala chali, mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa nyama za vidole vitatu vya kati vya mkono wa pili unapapasa kwa miduara midogo, kwa wepesi kwanza kisha kwa kukandamiza, kuanzia mtulinga hadi chini ya titi. Na kwapani, ambako wengi husahau.

Alisema tufanye siku chache baada ya hedhi. Mimi natumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na hedhi imekatika. Je, nichague tarehe moja ya kila mwezi? Mnaotumia sindano mnafanyaje?

Linaloninyima usingizi hasa ni mama, yuko Siaya, hedhi ilishakoma zamani. Amepapasa kitu kigumu titini, anakipaka dawa ya miti na kusema hakiumi, tena saratani ya matiti ni ya wasichana. Najua uvimbe mwingi si saratani, lakini kutouma si dhamana, na hatari huongezeka kwa umri. Anaona haya kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume. Waliowahi kumshawishi mzazi, mlianzia wapi? Nataka akubali kupimwa wiki hii.