Nimeuziwa jiwe la kijivu lililopakwa rangi likaitwa "graniti nyeusi", halafu naambiwa kosa ni la sabuni yangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi mapema.

Miezi minane iliyopita nilifungiwa kaunta ya jikoni ya kile nilichouziwa kwa jina la graniti nyeusi tii. Siku ya kwanza ilikuwa kioo, ukiinama unajiona mpaka kope. Leo kuzunguka bomba kuna duara la kijivu lenye ukubwa wa sahani, na pale inapokaa chupa ya sabuni pamebaki alama ya kitako chake, imepauka, haifutiki. Jioni mwanga ukipiga kwa ubavu, kaunta nzima ina mabaka kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kiganja.

Nikampigia muuzaji. "Umetumia dawa kali, bosi." Dawa gani? Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. "Basi ni maji yenu, yana chumvi." Hapo alinikata maneno kidogo, maana ni kweli maji ya chumvi huacha ukungu mweupe, na juu ya jiwe jeusi unaonekana kuliko jiwe lolote lingine. Lakini ukungu huo unakwanguka kwa wembe uliolazwa, na chini yake weusi uko palepale. Mimi nimekwangua, nikakutana na kijivu.

Bahati yangu, mafundi walipotoboa tundu la sinki waliacha kipande, nikawa nakitumia kuzuia mlango wa nyuma. Nikachukua asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, nikalowesha soksi nyeupe ya mtoto, nikasugua upande uliong'arishwa. Soksi ikatoka nyeusi kama imefuta sufuria la kuni. Nikasugua tena palepale, nyeusi tena. Mara ya tano jiwe lilikuwa na rangi ya jivu na chenga nyeupe ndani yake. Jiwe jeusi la asili halichuji, wakuu. Weusi wake ni wa madini yenyewe, unaingia mpaka upande wa pili.

Nikamtumia picha. Akasema jiwe lolote jeusi ukilivunja ndani ni kijivu, mng'aro ndio unaolitia weusi. Huyu bwana anajua kusema nusu ya ukweli! Ni kweli jiwe jeusi lisilong'arishwa hupauka, ndiyo maana wanaopenda kaunta isiyong'aa huletewa kitu cha rangi ya makaa na kushangaa. Ila lilowesheni maji, weusi unarudi papo hapo. Nililipiga langu nyundo, nikamwagia maji pale lilipovunjika: kijivu kilichokolea kidogo tu, na chenga nyeupe zikaonekana vizuri zaidi.

Kabla ya nyundo nilikuwa nimelipima. Lilikuwa la mraba, sentimita 20 kwa 20, unene 2. Mzani ukasoma kilo 2.1. Shikeni hiyo namba, ina maana yake.

Sasa niwape lililonifumbua macho baada ya kusoma usiku kucha. Hii "graniti nyeusi" inayouzwa duniani kote karibu yote si graniti kwa mwanajiolojia. Graniti halisi inatakiwa kwatzi iwe asilimia 20 au zaidi ya madini yake angavu, nyingine ni feldispa, na hayo ni meupe, ya kijivu, ya waridi. Weusi tii utatoka wapi? Jiwe jeusi la kweli huwa ni gabro, doleriti au jamaa zao, yenye piroksini kwa wingi, yaani madini ya rangi nyeusi. Lile la Mutoko kule Zimbabwe, yale ya Karnataka kusini mwa India, ya Bushveld Afrika Kusini, yote ni ukoo huo. Sokoni jina "graniti" linabandikwa kwenye kila jiwe gumu linaloshika mng'aro na lisilo marumaru.

Kwa hilo sina ugomvi. Gabro ni jiwe la maana, limebanana, halinywi maji ovyo. Ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam kule Washington ni wa jiwe jeusi kutoka India; uko nje tangu 1982, unanyeshewa na kuangukiwa theluji, na bado watu wanajiona humo kama kwenye kioo. Langu liko chini ya paa na limeshindwa na sabuni ya vyombo.

Turudi kwenye mzani. Gabro ina uzito wa karibu gramu 3 kwa kila sentimita ya ujazo, graniti ya kawaida ni 2.6 hadi 2.7. Kipande changu kingekuwa gabro kingekaribia kilo 2.4. Kwa hiyo kichekesho ni hiki: inaelekea mimi ndiye mtu pekee mtaani niliyeuziwa graniti ya kweli. Ya kijivu, iliyotiwa wino.

(Hata Jiwe la Rosetta watu waliliita basalti nyeusi miaka nenda rudi. Liliposafishwa mwaka 1999 ikaonekana ni granodioriti ya kijivu, jamaa wa karibu wa graniti, weusi ulikuwa nta na wino wa kupigia chapa. Lakini angalau hakuna aliyelipimia mtu kwa mita ya mraba.)

Na fundi naye hajasalimika. Alinitoza hela ya ziada kupaka dawa ya kuziba vinyweleo, eti jiwe jeusi lisipopakwa linaharibika. Jiwe jeusi halisi limeziba lenyewe. Dondoshea tone la maji, likae robo saa, ukifuta huoni alama. Ukilipaka dawa hiyo inagoma kuingia, inakauka juu na kubaki michirizi. Kwangu iliingia yote kama maji mchangani. Fundi mzoefu anaona hilo na hasemi kitu? Alijua.

Anayejiandaa kununua abebe asetoni na kitambaa cheupe, asugue bamba lenyewe atakalofungiwa, si sampuli ya mezani. Muuzaji akikataa, geuza gari.

Ujumbe wake wa mwisho umeingia leo mchana: anamtuma kijana na "mafuta ya kurudisha weusi". Sijajibu. Aliyewahi kung'oa kaunta bila kuvunja makabati ya chini aniambie alitumia njia gani, maana ile gundi waliyomwaga ni ya kujengea daraja.